Kupe wa Jiwe

Siku ile tulikuwa watano katika sebule ya Mwalimu wa Sayansi pale Musoma: mimi, niliyekaa karibu na mlango, mdogo wangu Nyamisi, aliyekaa karibu na Mwalimu, baba yetu mdogo Wambura, mtu wa ng'ombe, aliyetoka nami kijijini Buswahili na fimbo yake, Balozi wa nyumba kumi wa kwetu, aliyekuja kuwa shahidi, na Mwalimu mwenyewe. Ukitaka kuhesabu kila chenye uhai, ongeza kaa mmoja na lile ua la bahari, waliokuwa ndani ya sanduku la kioo juu ya meza. Mimi wakati ule sikutaka kulihesabu.

Nilikaa karibu na mlango kwa sababu hapo ndipo Nyamisi aliponiwekea kiti. Alisema, "Karibu, Dada, kaa hapa," kama anayempokea mgeni, kisha akaenda kukaa pale alipozoea.

Nyamisi nilimlea mimi. Mama alipomfuata baba kaburini, nilikuwa darasa la nne, na shule niliiachia hapo hapo, maana mtoto mchanga hawezi kubebwa mgongoni darasani. Magesa, wa kati, aliweza kuchunga. Nyamisi hakuweza chochote ila kulia na kukua. Alipofaulu kwenda sekondari, nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu hadi Kiabakari, na kutoka pale kwa lori la pamba, nikiwa na unga wa mtama kichwani na kuku kwapani. Bweni la wasichana lilikuwa limejaa. Mwalimu wa Sayansi, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, akasema, "Aje kwangu mpaka nafasi ipatikane." Nafasi ilipatikana muhula uliofuata. Nyamisi hakuhama.

Mwalimu alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja kwetu miaka michache baada ya Uhuru, wakati walimu walipopangwa popote nchi ilipowahitaji, na wengi wa pwani walihesabu siku za kurudi. Yeye hakuhesabu. Ila hakuja peke yake: alikuja na bahari. Kaka yake alifanya kazi reli, na mara kwa mara alimtumia madebe ya maji ya bahari, kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Musoma. Watu wa bandarini walikufa kwa kicheko. Ziwa lote lile liko chini ya barabara, halina mlango wala kufuli, na mwanamke huyu anasafirisha maji kwa treni.

"Mwalimu," wachukuzi walimwuliza, "hayo maji yana nini ambayo ya kwetu hayana?"

"Yana chumvi."

"Chumvi si ipo dukani?"

"Ya dukani haijui kuogelea," alijibu, akasimamia madebe yake yashushwe bila kutikiswa.

Alikuwa mwembamba, mwenye hatua fupi za haraka, na kila alipokwenda alibeba mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Wanafunzi walimwogopa hata wakimwona kwa mbali walitupa miwa waliyokuwa wakitafuna. Lakini mbuzi wa jirani aliingia uani kwake kila siku akala mchicha wote, naye alimtazama tu dirishani akasema, "Mwacheni, huyo hajafundishwa." Darasani aliwaambia watoto kwamba ugonjwa huletwa na vijidudu, si na jicho la mtu. Alhamisi jioni alifukiza ubani nyumba nzima, hadi chini ya kitanda. Nyamisi alipomwuliza ubani unaua kijidudu gani, alijibu, "Wale ambao hawamo kitabuni."

Ziwani hakuwahi kutia hata unyayo. Samaki wake, sato na furu, aliwala kwa furaha, akanyonya mpaka kichwa, ila kuingia kwenye maji yale hapana. "Maji yasiyo na chumvi hayanijui," alisema. Na mwanamke huyo huyo, siku za shamba la shule, alikuwa wa kwanza kuvua viatu na kushika jembe, akawaimbisha wasichana mpaka tuta la mwisho. Mikutanoni alifafanua Ujamaa vizuri kuliko wengi waliotumwa kuufafanua. Alikataa wanafunzi wake waseme "changu". Walitakiwa kusema "chetu". Lakini ukigusa madebe yale uani alisema, "Hayo ni yangu." Majirani walimtania, "Ujamaa umeishia kwenye debe." Alicheka nao, na debe hakulitoa.

Kitu alichokipenda zaidi ya ubishi kilikuwa Kiswahili. Alimsahihisha kila mtu, awe mpagazi au mkubwa wa wilaya. "Lugha ni shati letu sote," alisema, "lakini vifungo vyake vina mpangilio." Sisi wa Mara tunafunga vifungo tunavyopenda, na mpaka hapo hakuna aliyewahi kutuona tuko uchi. Kilichoniuma ni pale Nyamisi aliporudi likizo ya kwanza. Nilikuwa napaa samaki nje, nikamwambia anitafutie kisu niziwahi samaki hizi kabla ya nzi.

"Siyo samaki hizi, Dada. Samaki hawa."

"Wenyewe hawajalalamika."

"Mwalimu anasema samaki ana uhai, kwa hiyo..."

"Huyu alikuwaga na uhai. Sasa ana nzi."

Magesa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mdogo wangu anavyoshika kisu, kwa ncha za vidole, kama mtu wa pwani, na nilitamani niende Musoma nikamwulize yule mwanamke ni nani aliyemkodishia mikono ya mtoto wangu. Ndiyo, mtoto wangu. Kumbeba nilimbeba. Alikula uji kwenye kiganja changu. Sasa kila sentensi ilianza na "Mwalimu anasema". Mwalimu anasema tuchemshe maji. Mwalimu anasema tulale na dirisha wazi. Na kila jioni ya likizo ile, kabla hajaulizia habari ya mtu yeyote, alikuwa akijisemea, "Sijui ua limekula."

Nieleze hilo ua, maana si mmea. Ni mnyama. Limekaa juu ya jiwe, lina mguu mmoja mpana kama kikombe kilichopinduliwa, na juu yake vidole vingi laini vinavyocheza majini bila upepo. Katikati ya vidole pana mdomo. Mwalimu aliliita ua la bahari. Jina la kitabuni lilikuwa refu na hatukuliweza. Viumbe wengi aliokuja nao walikufa mmoja mmoja. Lilibaki hilo, na kaa aliyejificha. Lililishwa vipande vya samaki kwa kijiti, na kazi hiyo Mwalimu alimwachia Nyamisi. Maji yalipopungua waliongeza ya mvua, kwa sababu, walivyosema, maji hupanda hewani na chumvi hubaki.

Sasa ilikuwa imetangazwa tuhamie kijiji cha Ujamaa. Tungepimiwa viwanja kwa kaya, na aliyetaka ahesabiwe alitakiwa awepo. Kwangu kulikuwa na kaya ya yatima watatu bila mzee, na kaya ya namna hiyo, mmoja akikosekana, ni rahisi kuambiwa ninyi jiungeni na baba yenu mdogo. Sikutaka kujiunga na mtu. Nilitaka kiwanja chetu, nyumba yetu, sisi watatu. Nilimwagiza Nyamisi arudi. Alijibu atakuja. Hakuja.

Kisimani wanawake walikuwa wameshapata la kusema. Kwetu, mwanamke aliyekosa mtoto huweza kuoa mwanamke mwenzake, kwa ng'ombe, mbele ya wazee, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Ni ndoa halali kama nyingine. Tunaiita nyumba ntobu. Basi mmoja akaniambia huku akivuta kamba, "Mdogo wako si ameolewa na yule mwanamke wa pwani? Ng'ombe zimefika ngapi?"

"Anasoma."

"Anasomaga kwake, analala kwake, anakula kwake. Hiyo kwenu mnaiitaje?"

Ilikuwa mzaha. Lakini baba mdogo Wambura alipousikia hakuuchukua kama mzaha. Alivaa koti, akamwita Balozi, akaja kwangu. "Sisi si watu wa kunyang'anywa," akasema. "Kama anaoa, aoe vizuri." Nilijua amekosea, nami sikumsahihisha. Nilitaka aende akapige meza ya yule mwanamke. Nilitaka kuwepo.

Hivyo ndivyo tulivyofika sebuleni. Baba mdogo alianza mbali, kwa mvua na malisho, kisha akasogea.

"Mwalimu, mtoto tumemwona. Amenenepa, anapendeza. Sasa hatujaona upande ule mwingine."

"Upande upi, Mzee?"

"Wa ng'ombe."

Mwalimu alifikiri anauliza habari ya mifugo. "Ng'ombe sina, Mzee wangu," akasema. "Mimi nina kaa mmoja na hili ua."

Balozi aligeuka kumtazama Wambura, na Wambura akamtazama Balozi. Nyamisi, aliyeelewa, alikuwa ameinama, na mabega yake yalitikisika. Sikujua analia au anacheka. Mwalimu akasimama. "Ngojeni niwaletee chai, halafu tuzungumze vizuri." Akaenda jikoni, na Nyamisi akamfuata.

Baba mdogo alipobaki hana wa kuzungumza naye, alisogelea kile kioo. Mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote ana jicho la namna moja: kila kitu kilichovimba na kung'ang'ania kitu kingine, kwake ni kupe. Aliliinamia, akaliona limekaza mguu wake kwenye jiwe, limejaa, linapumua.

"Balozi, hebu ona. Hii kupe imenyonya hili jiwe mpaka limekuwa jeupe."

"Kubwa sana."

"Na wao wanakaa nayo ndani, hawajui. Watu wa kusoma."

Aliyasema kwa huruma ya kweli. Akakunja mkono wa koti, akazamisha mkono, akabana kwa gumba na kidole kama anavyobana nyuma ya sikio la ndama, akavuta. Kwa kupe, ukivuta haraka, anatoka mzima. Ua lilichanika. Nusu ya ule mguu ilibaki kwenye jiwe kama ngozi ya maziwa, na lililobaki likawa kiganjani mwake, limejikunja, linatoa ute. Nyamisi alitokea na sinia la vikombe. Aliliweka chini bila kikombe hata kimoja kugonga kingine, na sauti aliyoitoa nilikuwa nimeisikia mara moja tu, siku tuliyomzika mama, ambayo yeye hawezi kuikumbuka.

Nilitegemea Mwalimu, aliyetokea nyuma yake, afoke. Alimshika baba mdogo kifundo cha mkono, polepole akakirudisha majini, akamfungua vidole kimoja kimoja mpaka lile donge likazama. "Mzee," akasema, "keti unywe chai, haijapoa." Mkono wa Wambura ulikuwa umeanza kumwasha. Alikunywa chai yake yote akiwa ameuficha chini ya koti, na habari ya ng'ombe haikurudi tena mdomoni mwake. Jioni hiyo yeye na Balozi walipata lori wakaondoka. Mimi nilibaki. Nilisema nabaki ili nirudi na Nyamisi.

Nilikaa siku kadhaa, na ndizo nilizomjua Mwalimu. Alizima taa ya kwenye sanduku akafunika kioo kwa kanga. Alichukua bakuli la kioo, akalitia vijiwe, akalizamisha, na ndani yake akaliweka ua ili lisisukumwe huku na huku. "Hatuliweki kwenye jiwe," alimwambia Nyamisi. "Litachagua lenyewe likiweza." Kile kipande kilichobaki kwenye jiwe walikikwangua wakakitoa, kwa sababu kingeoza na kuwaua wote. Kila asubuhi walitoa maji kidogo yaliyochoka, wakaongeza kutoka kwenye madebe yale ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Nyamisi aliruhusiwa. Aliondoa ute kwa unyoya wa kuku, bila kugusa kidonda. Chakula hawakulipatia.

"Litakufa njaa," nilisema.

"Mgonjwa mwenye mdomo wazi halishwi, Bibie," Mwalimu alinijibu. "Ukifunga, tutajua anataka kuishi."

Mdomo ulikuwa wazi, umelegea kama wa mlevi. Mwalimu alimfundisha Nyamisi kunusa maji. Likinuka uozo, limekwisha, litolewe mara moja. Likinuka bahari, subiri. Basi kila kulipokucha mdogo wangu aliinamisha uso juu ya lile sanduku, akavuta pumzi, na Mwalimu nyuma yake akasubiri na mwavuli wake tayari kwenda shule. "Bahari," Nyamisi alisema. Na Mwalimu alimwekea kiganja kisogoni, mara moja, kidogo tu, kisha akaondoka.

Kile kiganja nakikumbuka kuliko vyote. Nililala kwenye godoro lake, nilikula wali wake wa nazi, alinipa kanga mpya nibadilishe, na kila usiku kabla ya kulala nilimwomba Mungu lile ua life. Sikulichukia lenyewe. Nilihesabu tu hivi: likifa, Nyamisi atalia siku moja, siku ya pili atafunga mzigo, na siku ya viwanja tutasimama watatu. Asubuhi nilijipa kazi ya kufagia karibu na meza ili nami ninuse. Bahari siijui inanukaje. Nilinusa nikasikia tu harufu kama ya damu ikiwa mbali.

Siku niliyokuwa niondoke, mdomo ulifunga. Nyamisi alifunua kanga, akaniita, "Dada, njoo uone," akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu nifike. Lile donge lilikuwa limejipindua, na upande uliobaki wa mguu ulikuwa umeshika kijiwe kimoja. Vidole vichache vilikuwa vimesimama. Ni kweli lilipendeza. Nikamwambia, "Fungasha. Lori linapita saa nne."

"Dada, sitakuja."

"Watatuhesabu wawili."

"Nisomee wapi kule? Mtihani uko karibu. Na hili halijapona."

"Na mimi?"

Aliuachia mkono wangu. Mwalimu alikuwa mlangoni na mwavuli. Angeweza kusema neno, na lolote ambalo angelisema ningelirudisha usoni kwake. Alisema, "Bibie, akibaki atabaki kwa hiari yake, na akienda nitamsindikiza mpaka kwenye lori." Nilingoja Nyamisi asogee. Hakusogea.

Tulipimiwa tukiwa wawili, mimi na Magesa. Tulipewa kiwanja, cha mwisho mwishoni, kwenye mawe, na baba mdogo alisimama mbele ya wapimaji akasema hii ni kaya, mzee wake ndiye huyu dada. Labda alikuwa anajilipia ile siku ya kupe. Nyumba niliijenga ya vyumba vitatu. Elimu ya watu wazima ilipoanza kijijini, nilikaa benchi la mbele, na mwalimu wetu aliponiambia natumia "hizi" pasipo mahali pake, nilitoka nje nikasimama kidogo ndipo nikarudi.

Nyamisi alipona kutoka kwangu kama mtu anavyopona. Alimaliza shule, akawa mwalimu wa sayansi huko Tabora. Lile ua, aliniambia, lilikua tena likiwa limepinda upande mmoja, likaishi miaka. Kisha akaposwa na kijana wa upande wa Bunda, na ng'ombe wakaja Buswahili mchana kweupe, wanawake wa kisimani wakiwahesabu.

Kwetu, katika ng'ombe za mahari, mtamba mmoja huwa wa mama. Hauzwi ovyo, hachanganywi na wengine. Ni wa titi, yaani malipo ya kunyonyesha. Mama akiwa hayupo, hupewa aliyelea. Baba mdogo alimtoa mtamba mwekundu, mzuri, akanishikisha kamba. "Huyu ni wako. Wewe ndiye uliyembeba." Balozi, mzee sasa, akakohoa. "Na yule wa Musoma?" Watu wakacheka. Mimi niliipeleka kamba ile zizini, na usiku huo na uliofuata yule mtamba alinitazama kila nilipopita.

Nilimkuta Mwalimu Bunda, alikohamishiwa na alikostaafia, katika chumba na ukumbi nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeganda kwenye wavu wa dirisha. Amepungua, jicho moja limeingia ukungu, mwavuli umeegemea ukuta. Nilimwamkia. Akaniuliza habari za njia, za Magesa, za kiwanja chenye mawe, na ndipo akauliza, "Nyamisi anakuandikia?"

"Kila mwezi."

"Ee," akasema. "Mimi hunitumia salamu ndani ya barua zako, nadhani."

Sikuwa nimezifikisha hata moja. Alinimiminia chai yenye iliki.

"Nikuambie neno, Bibie. Miaka yote aliyokaa kwangu aliniita Mwalimu. Siku moja alikuwa na homa, namkanda, nikamwambia, niite mama, kwani utapungukiwa nini? Na homa ile ile akanijibu, 'Mama alikufa. Wa pili yuko Buswahili, ana hasira.'" Alicheka bila sauti. "Nilikuonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Ulipokuja na wazee wako nikasema, haya, wamekuja kumchukua, na nitasema nini? Nikaenda kuchemsha chai ili nisilie mbele yenu."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote ile nilidhani ni mimi tu.

"Mwalimu," nikasema, "mtamba wa mama umekuja. Nusu yake ni yako. Hiyo ndiyo iliyonileta."

"Amekuja," akanisahihisha. "Mtamba amekuja."

"Amekuja."

Alifikiri. "Nusu ipi? Ya mbele inayokula, au ya nyuma inayotoa maziwa?"

"Chagua wewe."

"Basi niache nifikiri. Jambo la ng'ombe si la haraka, ninyi wenyewe mnasema."

Mtamba yule ameshazaa mara mbili. Kila ndama anapoanguka nakwenda Bunda kumwambia kwamba deni limeongezeka, kwa sababu mzao hufuata mama yake, na nusu ya ndama nayo ni yake. Namwomba achague. Ananiandalia chai, anasahihisha maneno mawili matatu, anauliza barua ya mwezi huu inasemaje, na siku hizi namsomea yote. Nikisimama kuondoka namwuliza tena. Anasema bado anafikiri.